Msasa na Pezi la Posta

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Karakanani, mtaani, hata kwa kaka yake wa tumbo moja, aliitwa Msasa. Alipewa jina hilo akiwa na miaka ishirini na miwili, wiki ya kwanza ya kuajiriwa kwenye karakana ya mbao za mawimbi, zile mbao ndefu ambazo watu husimama juu yake wakabebwa na wimbi mpaka ufukweni. Bosi alimpa kipande cha faiba kigumu kama kigae na karatasi ya msasa, akamwambia alainishe ukingo mmoja, kisha akaenda zake. Aliporudi baada ya saa nne alikuta kingo zote zimelainika, na pembe za meza pia.

"Huyu binti," Bosi akawaambia mafundi wengine, "msimwache karibu na mtu. Atammaliza."

Kazi yake ikawa mapezi. Ubao usio na pezi chini ya mkia hauna adabu. Huteleza kokote kama sabuni kwenye beseni. Siku hizo kila ubao ulikuwa na pezi moja tu, kubwa, refu kama mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, limepinda kwa nyuma. Msasa alilikata kwa msumeno kutoka kwenye bamba la faiba, halafu akakaa nalo siku nzima akilipunguza: mbele liwe nene na la mviringo, nyuma liwe jembamba mpaka mwanga upite. Akishamaliza alilipitisha kwenye mdomo wa chini, polepole, kama mtu anayeonja, maana mdomo uliona kasoro ambazo vidole havikuziona. Mtikisiko wa mashine ulikuwa umeshaviua vidole vyake. Ncha zilikufa ganzi tangu mwaka wa tano wa kazi. Daktari alimshauri apumzike; Msasa akamuuliza apumzike mpaka lini, na daktari akaanza kutafuta kalamu yake.

Baadaye yakaja mapezi madogo, matatu kwa kila ubao, yaliyotoka kiwandani yakiwa kwenye maboksi. Ubao wa mapezi matatu uligeuka upesi, ukaruka, ukakata kona kali, na vijana wakaukimbilia. Pezi moja likawa kitu cha wazee. Bosi alitundika ukutani vile vipande vya plaiwudi ambavyo Msasa alichorea maumbo yake, akamhamishia kwenye kulainisha mbao nzima. Msasa hakulalamika. Kulainisha ni kulainisha.

Halafu mama yake akapigwa na kiharusi, upande mzima wa kulia ukalala. Kaka yake alikuwa dereva wa lori la taka, ana mke na watoto wanne katika vyumba viwili. Msasa hakuwa na mume wala mtoto. Hakuna aliyekaa kikao kuamua nani amtunze mama. Watu walimtazama tu, naye akaacha kazi.

Ilikuwa miaka tisa. Kila baada ya saa tatu alimgeuza mama ili asipate vidonda. Alimwosha, akamlisha kwa kijiko, akamtafutia stesheni ya redio anayoitaka, kisha akamtafutia nyingine, kwa kuwa mama hakupenda kitu kwa zaidi ya robo saa. Mama alikuwa mkali tangu zamani, na kiharusi kilimwachia ulimi. "Unanigeuza kama chapati," alimwambia. Lakini ni yeye peke yake duniani aliyeendelea kumwita binti yake kwa jina halisi alilompa mwenyewe.

Alifariki Jumanne asubuhi, kati ya chai na kuoga. Msasa alirudi na beseni la maji ya uvuguvugu akakuta mambo yamekwisha. Aliliweka beseni chini, akazima redio, akampigia kaka yake simu. Kisha, kwa kuwa maji yalikuwa tayari, akamwosha.

Hakulia. Hakulia siku hiyo, wala siku ya mazishi, wala wiki iliyofuata wageni walipoanza kuondoka na sufuria zao. Wifi yake, mke wa kaka, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki, alimvuta jikoni.

"Dada, hata chozi moja? Hata la kusingizia?"

"Halipo, wifi."

"Watu wanasema."

"Wacha waseme."

"Wanasema una moyo wa jiwe. Nimewajibu si kweli, lakini wewe nawe hunisaidii."

Msasa alitamani kumsaidia. Alitafuta ndani yake kama mtu anayepapasa mfukoni akitafuta ufunguo, akakuta mfuko mtupu. Chakula kilikuwa kama karatasi. Watu walipocheka, kicheko chao alikisikia kama redio ya jirani. Mchana, katikati ya mazungumzo, alisimama ghafla akaenda chumbani kumgeuza mtu, akasimama mbele ya godoro tupu, akarudi akakaa. Miezi minne ikapita hivyo.

Ndipo Bosi Mdogo alipobisha hodi. Alikuwa mtoto wa yule bosi wa zamani, na ingawa sasa alikuwa na kitambi na mvi, mafundi hawakuliondoa lile neno Mdogo.

"Dada Msasa, nimekuja na shida," alisema hata kabla ya kukaa. "Wanataka pezi moja."

"Nani?"

"Vijana! Hao hao. Wananiletea picha kwenye simu, ubao mrefu, pezi moja, kama wa enzi za baba. Nimewauliza mnataka nini na vitu vya babu zenu? Wanasema zile nyingine zinawachosha. Juu ya ubao kama huu, wanasema, mtu anaonekana hana haraka na yeyote." Alitikisa kichwa. "Nimeagiza mapezi ya kiwandani, wakayarudisha. Eti hayana roho. Sasa roho nitaitoa wapi mimi?"

"Nirudi lini?"

Bosi Mdogo alikuwa amejiandaa kubembeleza. "Hata kesho," alisema.

Kesho yake Msasa alivaa barakoa, akafunga kitambaa kichwani, akashusha vipande vyake vya plaiwudi kutoka ukutani na kuvifuta vumbi. Mikono ilikumbuka yote. Alifikiri labda kazi ingemrudishia kitu, furaha au hata majonzi. Haikurudisha kitu. Ilimpa mahali pa kuwa kuanzia saa mbili mpaka saa kumi, na hilo alilipokea.

Wiki ya tatu aliingia mzee mmoja mwembamba, amebeba ubao wa rangi ya maziwa yaliyokaa, umejaa viraka kama suruali ya fundi bomba. Alikuwa amegawa barua mjini kwa miaka thelathini na moja, na hata baada ya kustaafu watu walimwita Posta. Aliulaza ubao wake juu ya vigoda viwili vyenye sponji kwa uangalifu, tumbo juu. Pezi lilikuwa limekatika kwenye shina.

"Mwamba," alisema. "Kosa langu, si la ubao."

Msasa aliinama, akaona kwenye kisiki cha pezi michirizi ya njano na kijani aliyokuwa akiichanganya siku za mwanzo, kabla Bosi hajamkataza kupoteza rangi. "Hili nililitengeneza mimi."

"Najua. Kwa nini unadhani nimekuja?"

Bosi Mdogo alishauri wafunge kijisanduku cha kisasa, pezi liwe la kuchomoa na kurudisha. Posta alimtazama kama mtu aliyeambiwa ang'oe meno yote kwa sababu moja linauma. Likaamuliwa la kugandishwa moja kwa moja, kama la zamani.

Kazi ilichukua siku tano, na Posta alikuja kila asubuhi kuangalia, nywele zikiwa bado na chumvi ya kuogelea bila ubao, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Utaniuliza kwa nini nisinunue ubao wa kisasa," alianza siku moja.

"Sikuuliza."

"Nitakujibu hivyo hivyo. Ule wa mapezi matatu unakutii mno. Unataka kona, hii hapa. Unataka nyingine, chukua. Huu wangu hapana. Unarudisha mguu nyuma, unaegemea, halafu unangoja. Unageuka wenyewe kwa wakati wake. Ukiulazimisha, unakumwaga. Sasa mimi, dada yangu, nimeishi maisha yangu yote na saa mkononi. Barua ya saa tatu, barua ya saa nne, mbwa wa saa tano. Asubuhi nikiwa juu ya kitu kisichojua saa ni ngapi, narudi nyumbani mtu mzima."

Msasa aliendelea kupunguza ukingo wa nyuma. Alielewa maneno, yakapita.

"Na wewe?" aliuliza Posta. "Unapanda mawimbi wapi?"

"Sijawahi."

Mzee alishuka kwenye ndoo. "Hujawahi nini?"

"Kusimama juu ya ubao. Najua kuogelea, nilijifunza shuleni. Lakini sijawahi."

Alikuwa ametengeneza mapezi yasiyopungua elfu mbili. Posta alilichukulia jambo hilo kama dharau iliyofanywa na dunia nzima, akasema Jumamosi yeye mwenyewe atamwingiza majini. Msasa alikubali kama alivyokuwa akikubali kila kitu miezi hiyo, kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu zaidi.

Wifi alipopata habari alipiga simu. "Majini? Na suruali ya kubana? Miaka hamsini na nne, dada?"

"Hamsini na tano."

"Basi ndiyo kabisa!"

Ufukweni palikuwa na watu kumi na wawili hivi waliokutana hapo kila alfajiri: mwalimu wa hesabu, fundi wa friji, mama mmoja wa duka la miwani, wanafunzi wachache. Walipaka nta kwenye mbao zao ili miguu isiteleze, wakataniana, wakabishana kama maji yanajaa au yanakupwa. Walikuwa na sheria zao. Aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapoanza kuvunjika, wimbi ni lake, wengine wanampisha. Mtu akipata zuri, wote wanapiga kelele, hata kama jana walinuniana. Walimpokea Msasa bila kumuuliza ukoo, na walipoambiwa ndiye mwenye mapezi, mwanafunzi mmoja alimpa mkono kwa mikono miwili.

Jumamosi ya kwanza Posta alimlaza juu ya ubao wake mwenyewe, ule wa maziwa wenye pezi jipya, akamsukuma kwenye mapovu karibu na nchi kavu. Jumamosi ya pili alipiga magoti. Posta alisema hajaona mwanafunzi mtulivu kama huyu. "Wengine wanapiga mayowe, wanacheka, wanalia. Wewe unakaa kama uko kwenye foleni ya benki."

Mzee hakujua kuwa hapo ndipo penye hatari.

Jumamosi ya tatu walitoka mbele kidogo. Posta aliazima ubao wa mwalimu, akamwachia Msasa wake. Wimbi likaja, si kubwa, la kufika kifuani. Posta alimsukuma akarudi nyuma. Lakini wimbi hilo hilo lilimbeba na yeye likamtupa mbele, na Msasa alipopiga makasia kwa mikono na kusimama, kweli alisimama kwa miguu yake miwili, mzee alikuwa mbele yake moja kwa moja, ameangushwa kutoka kwenye ubao wa kuazima, kichwa na mabega juu ya maji.

"Ruka!" Posta alipiga kelele. "Ruka! Achia!"

Msasa alimsikia vizuri. Alimwona pia. Aliwaza, kwa utulivu wote, ananiita. Akaendelea kusimama. Ule ubao, kwa kuwa ulikuwa wa pezi moja na hakuna aliyeuambia ugeuke, ulikwenda ulikoelekezwa. Posta alizama kuukwepa. Kichwa kilipona. Paja halikupona.

Waliposaidiana kumburuta mchangani, maji yaliyomzunguka yalikuwa mekundu. Mama wa duka la miwani alifunga taulo juu ya kidonda, fundi wa friji akaleta gari. Msasa alikaa kiti cha nyuma akiwa ameushika mguu wa mzee juu ya magoti yake. Alikuwa na mikono imara kuliko wote mle garini.

Kliniki, muuguzi alimuuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Nimemtengenezea pezi."

Muuguzi akaandika kitu kingine kwenye fomu.

Nyuzi kumi na nne. Daktari alisema kilichomkata kilikuwa chembamba na kikali ajabu, kidonda kimenyooka kama kimechorwa kwa rula. Msasa alisikia, na kilichomjia kichwani kilikuwa kwamba ukingo ulikuwa umetoka vizuri. Hapo ndipo alipojishangaa. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, kati ya mama mwenye mtoto wa kikohozi na mtu aliyefungwa mkono, akajiuliza yeye ni mtu gani sasa. Hata swali hilo lilimfikia kwa mbali, kama la mtu mwingine.

Baada ya siku nne alikwenda kumtazama Posta nyumbani kwake, chumba na sebule juu ya duka la viatu. Alikuta mguu umewekwa juu ya kiti, na mwenye mguu amenuna.

"Pole, mzee."

"Usiniambie pole. Nimekasirika. Sikukasirika kwa kunikata. Watu wanakatwa. Nimekasirika kwa sababu ulinitazama. Ulinitazama machoni, ukaja. Ningejua huogopi kitu nisingekuingiza hata kwenye beseni. Majini mtu asiyeogopa ni balaa kwake na kwa wenzake. Una nini wewe?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Wengine wote waliuliza kwa nini halii.

Msasa alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. "Siku mama yangu alipofariki," alisema, "nililala. Nilipanda kitandani saa mbili nikaamka saa mbili. Sikuwa nimelala hivyo kwa miaka tisa. Niliamka nimepumzika, jua limeingia, na kitu cha kwanza nilichosema, nilikisema kwa sauti, nilisema ahsante. Ndipo nikakumbuka. Toka hapo ni kama mtu amezima swichi. Nadhani ni mimi niliyeizima."

Posta alikuna kidevu.

"Sijui nikwambie nini," mzee alisema. "Mke wangu aliponiacha nilikula mkate mzima na blubandi yote. Sijui maana yake nini. Nipe hiyo dawa ya maumivu hapo dirishani, na maji."

Alimpa dawa na maji. Akaosha vikombe vilivyokuwa kwenye sinki, akaenda zake.

Alikwenda tena, kila baada ya siku mbili, kubadilisha bandeji. Mambo ya wagonjwa aliyajua. Posta alikuwa mgonjwa mbaya, mbishi, mwenye kubana mguu makusudi. Hawakuzungumzia tena mambo ya mama. Walizungumzia ubao: kama kiraka cha mkiani kinavuja, kama michirizi ya njano ya zamani ilikuwa mizuri kuliko ya sasa. Ubao wenyewe Msasa aliurudisha karakanani, akaulaza tumbo juu. Alichukua karatasi ya msasa akapunguza ule ukali wa ukingo wa nyuma, kidogo tu, mpaka alipolipitisha pezi kwenye mdomo na mdomo haukuona makali. Halafu akafanya vivyo hivyo kwa mapezi yote yaliyokuwa yakingoja rafuni. Bosi Mdogo aliuliza ni mtindo mpya? Alijibu ndiyo.

Wiki ya saba Posta alirudi majini. Wiki ya nane aliingia karakanani saa tatu asubuhi, maji yakimdondoka, ubao kwapani.

"Linaimba," alisema.

"Nini?"

"Pezi! Nikishika kasi linaimba. Mmmmm, chini ya mguu, kama mbu kwenye glasi. Watu wote wanageuka. Mwalimu ameniuliza kama nimefunga injini."

"Ni ukingo. Nimeupunguza makali."

"Basi uutie makali tena."

"Sitii."

"Dada, mimi ndiye mwenye ubao."

"Na paja ni la nani?"

"Paja ni langu, na nimelisamehe pezi! Pezi lilikuwa sawa kabisa. Pezi zuri lina makali, unajua hilo kuliko mtu yeyote, ni wewe uliyenifundisha. Hili sasa umeliharibu. Ni kazi ya ovyo."

Msasa alivua barakoa. Uso wake, chini ya mstari ambapo vumbi liliishia, ulikuwa umepata joto. Alisikia sauti yake ikipanda na akashindwa kuishusha.

"Ovyo? Mimi kazi ya ovyo? Miaka yote hii, nani amewahi kurudisha pezi langu? Nitajie mtu mmoja! Nimekubadilishia bandeji wiki sita, unanipiga teke, nimenyamaza. Unataka pezi la kuchinjia watu, nenda kiwandani, wanayo kwenye boksi. Kama hulitaki hili ling'oe. Ling'oe sasa hivi, nikuone!"

Mafundi walizima mashine. Bosi Mdogo alichungulia kutoka ofisini, akaona, akarudisha kichwa ndani. Posta aliushika ubao wake kwa mikono miwili.

"Sijasema silitaki," alisema. "Nimesema linaimba."

"Wacha liimbe!"

Mzee alitoka, akaacha mstari wa matone mpaka mlangoni. Msasa alirudi mezani akasugua pezi la mwanafunzi mmoja kwa hasira mpaka likawa jembamba kupita kiasi, ikabidi alitupe aanze jingine.

Jioni hasira ilikuwa bado iko. Alikata vitunguu kwa kishindo, akaweka sufuria kwa kishindo. Wifi alipiga simu kama kawaida yake, na Msasa akamsimulia yote tangu mwanzo, ukingo, mbu kwenye glasi, neno ovyo, akizunguka jikoni na mwiko mkononi.

"Wifi, uko?"

"Nipo, nakusikiliza," alisema wifi. "Lakini dada, kama linapiga kelele, si huyo mzee ana haki yake?"

"Na wewe!" alisema Msasa, akakata simu. Alisimama akipumua juu ya jiko. Mchuzi ulikuwa umeanza kushika chini. Alipunguza moto, akauonja, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akasikia ladha: umepungukiwa chumvi. Akaongeza.